UZI: Jonathan Jasper Wright, jaji aliyetia sahihi Jumanne akataka kuifuta Alhamisi

Msomi wa Jioni
Wakuu, heshima kwenu. Juzi humu kulikuwa na mvutano kuhusu majaji na siasa, na mmoja wetu akaandika kwamba jaji wa kweli akishasema amesema. Sikujibu siku ile kwa kuwa jibu langu ni refu. Leo umeme upo, chai ipo, naomba niwaletee mtu anaitwa Jonathan Jasper Wright.

Ni Mmarekani Mweusi, kazaliwa Februari 11, 1840, kaunti ya Luzerne, jimbo la Pennsylvania. Huko ni Kaskazini. Nalisema hili mapema kwa sababu ukitaja Mweusi wa Marekani wa karne ya 19, wengi moja kwa moja wanaona mashamba ya pamba. Wright hakuwahi kuwa mtumwa. Alisoma Ithaca, New York, akarudi Pennsylvania akawa mwalimu, na huku anafundisha akawa anasomea sheria kwenye ofisi ya mawakili mji wa Montrose, baadaye kwa jaji mmoja wa Wilkes-Barre. Zama zile kuwa wakili hakukuhitaji lazima upite chuo kikuu. Unakaa na mzoefu, unasoma vitabu vyake, unanakili hati zake, siku ikifika unaomba kamati ikutahini.

Siku yake ikafika, akaomba, wakamkatalia mtihani wenyewe. Hawakusema kafeli. Hawakutaka hata kumuuliza swali, kisa rangi.

1864 alikuwa Syracuse kwenye mkutano mkuu wa Wamarekani Weusi, ule uliokuwa chini ya uenyekiti wa Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa mpigania uhuru maarufu. Mwaka uliofuata, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini vikiwa vinaisha, chama kimoja cha wamisionari kikampeleka Kusini, mji wa Beaufort, South Carolina, akafundishe watu waliotoka utumwani. Kati ya wanafunzi wake walikuwemo askari Weusi wa kikosi cha 128. Hebu pata picha: mtu aliyenyimwa mtihani wa uwakili kwao anawafundisha kusoma watu wazima ambao miaka michache nyuma sheria ya jimbo hilo ilikataza wasifundishwe herufi.

Narudi kuendelea, kuna mgeni mlangoni.

Dogo wa Ubungo
Nimekaa siti ya mbele. Mkuu usituache kwenye mataa.

Binti Pangani
Swali dogo kaka: kwa nini Beaufort? South Carolina ni kubwa, kwa nini huko?

Msafiri wa Carolina
Dada Binti, nijibu hilo maana nimeishi jimbo hilo miaka kadhaa. Kwanza tusahihishane matamshi, wenyeji wanasema "Byufat", ukisema "Bofo" wanajua wewe mgeni. Pale ni visiwani na ghuba ya Port Royal iko hapohapo. Novemba 1861, vita vikiwa havijamaliza mwaka, manowari za Kaskazini ziliichukua ghuba ile. Wazungu wenye mashamba wakakimbia, wakaacha nyumba, pamba na watu kama 10,000 waliokuwa watumwa wao. Kwa hiyo Beaufort ilionja uhuru kabla ya sehemu nyingine za jimbo. Shule zikaanza, askari Weusi wakaandikishwa, watu wakaanza kulima kwa faida yao. Ndiyo maana walimu kutoka Kaskazini walishukia huko. Robert Smalls, yule aliyeiba meli ya jeshi la Kusini Charleston 1862 na kuiendesha hadi kwa adui na familia yake ndani, naye ni mtoto wa Beaufort.

Dogo wa Ubungo
Aliiba MELI? Uzi wa huyo uko wapi?

Msomi wa Jioni
Dogo tulia, tusichanganye mafaili. Ahsante Msafiri.

Tunaendelea. Aprili 1866 Kongresi ya Marekani ikapitisha Sheria ya Haki za Kiraia, ikipita juu ya kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson. Wright akafunga safari kurudi Pennsylvania, akaomba mtihani kwa mara nyingine. Safari hii wakamtahini. Agosti 13, 1866 akaandikishwa, wakili wa kwanza Mweusi katika jimbo la Pennsylvania. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, kilichobadilika ni karatasi ya Washington.

Mwingine angebaki kwao afungue ofisi, aweke kibao mlangoni. Yeye akarudi Beaufort kuwa mshauri wa sheria wa watu walioachwa huru, chini ya ile idara ya serikali iliyosimamia mambo yao. Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza: mkataba wa kibarua ambaye hajui kusoma, ujira ambao tajiri anakataa kuulipa, mtu kakamatwa hajui kosa lake.

1868 ukaitwa mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina, mjini Charleston. Wajumbe 124, walio wengi Weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea Marekani. Si ajabu ukiangalia sensa ya 1870: jimbo lilikuwa na watu kama 705,000, na karibu 416,000 kati yao ni Weusi. Wright alikuwa mmoja wa makamu wenyeviti. Katiba ile ilileta elimu ya umma, ikaondoa sharti la kumiliki mali ndipo ushike madaraka, ikaacha kufunga watu gerezani kwa sababu ya deni. Mwaka huohuo akachaguliwa seneta wa jimbo kutoka Beaufort, na Septemba yeye na William Whipper na Robert Brown Elliott wakawa mawakili wa kwanza Weusi kuandikishwa South Carolina.

Kuna kisa cha treni nacho. Wright alikata tiketi ya daraja la kwanza, wakamtoa behewani kwa nguvu. Akaishtaki kampuni ya reli ya Richmond na Danville, akalipwa fidia ya dola 1,200. Nakipenda kisa hiki, kwa sababu kesi za mabehewa tunazozisikia sana ni zile ambazo Weusi walishindwa.

Wakili Kayamba
Nimefuatilia. Naomba kuongeza jambo ambalo wasio wanasheria hulipita. South Carolina majaji hawateuliwi na gavana na wala hawapigiwi kura na wananchi. Wanachaguliwa na baraza la kutunga sheria la jimbo, na mpaka leo ni hivyo. Kwa hiyo seneta akitaka ujaji anaomba kura kwa wenzake anaokaa nao ukumbi mmoja.

Msomi wa Jioni
Hapohapo, wakili. Februari 1, 1870 baraza likamchagua Wright kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo kujaza nafasi iliyoachwa na Solomon Hoge. Mmoja wa aliowashinda ni Whipper, ambaye naye alikuwa Mweusi. Mwishoni mwa mwaka huo wakamchagua tena, muhula kamili wa miaka sita. Hakuna Mweusi aliyewahi kukaa katika mahakama ya juu ya jimbo lolote Marekani kabla yake, na kipindi chote kile cha ujenzi mpya baada ya vita alibaki peke yake. Siku anaapa alikuwa hajatimiza miaka 30.

Mahakama ilikuwa na majaji watatu. Jaji Mkuu Franklin Moses mzee, Mzungu wa Kusini. Ammiel Willard, Mzungu kutoka New York. Na Wright. Magazeti ya Wazungu wa jimbo yaliwaita wageni wa Kaskazini "watu wa mabegi ya zulia", maana eti wamekuja na begi moja kuchuma. Wright alibeba matusi mawili, la begi na la rangi.

Aliandika hukumu karibu 90 katika miaka ile. Nyingi ni mambo ya kuchosha: mirathi, bima, mipaka ya mashamba, nani alipe deni la marehemu. Kwangu mimi huo uchoshi ndio ushahidi wenyewe. Walisema Mweusi hawezi ujaji, naye akakaa kitini miaka saba akiamua mashamba ya Wazungu kwa lugha ya kisheria ya kawaida kabisa, na mawakili waliokuwa watumwa-wenye wakasimama mbele yake wakimwita mheshimiwa.

Mzee Kitwana
Kijana, "watumwa-wenye" ni Kiswahili cha wapi? Sema waliokuwa wakimiliki watumwa. Mengine yote naunga mkono.

Msomi wa Jioni
Shikamoo mzee. Nimenyooshwa, naacha lilivyo ili wengine wajifunze.

Mzee Kitwana
Marahaba. Endelea.

Msomi wa Jioni
Sasa Jumanne na Alhamisi.

Uchaguzi wa 1876. Gavana aliyekuwepo ni Daniel Chamberlain, mtu wa Massachusetts, chama cha Republican, ambacho zama zile ndicho Weusi walikiunga mkono. Mpinzani wake Wade Hampton, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini. Wafuasi wa Hampton walivaa mashati mekundu, wakitembea na farasi na bunduki kwenye mikutano ya wapinzani wao. Julai mwaka ule Weusi waliuawa mji wa Hamburg, hukohuko South Carolina. Kura zikapigwa, kukawa na kaunti ambazo hesabu ilizidi watu. Matokeo: magavana wawili waliapishwa na mabunge mawili yakakutana, kila mmoja anasema mwenzake ni feki.

Hampton akafanya jambo la akili. Akawaambia wafuasi wake wampelekee yeye sehemu ya kumi ya kodi waliyolipa mwaka uliopita. Wenye mali walikuwa upande wake, wakalipa. Chamberlain akabaki na ofisi, muhuri na wanajeshi wa Washington mlangoni, mfukoni hana kitu.

Ila pesa haikumfanya kuwa gavana kisheria. Ikatafutwa njia ya kulifikisha swali mahakamani. Februari 1877 Hampton akatoa msamaha kwa mfungwa mmoja, Tilda Norris. Mkuu wa gereza, mtu wa upande wa Chamberlain, akakataa kumwachia: msamaha wa gavana yupi? Kesi ikapelekwa mahakama ya juu, mfungwa aletwe na sababu ya kumshikilia itolewe. Juu juu ni mambo ya mfungwa mmoja. Ndani yake ni nani gavana wa South Carolina.

Jaji Mkuu Moses alikuwa hoi kitandani, na mwanzoni mwa Machi akafariki. Wakabaki Willard na Wright. Wakigawanyika, hakuna uamuzi.

Jumanne, Februari 27, wote wawili wakatia sahihi amri ya kumwachia Tilda Norris. Maana yake Hampton ni gavana.

Alhamisi, Machi 1, Wright akapeleka maandishi mahakamani: naondoa sahihi yangu. Willard akasema amri ya Jumanne imesimama. Ijumaa mfungwa akatoka.

Dogo wa Ubungo
Eh! Alihongwa au alitishwa?

Wakili Kayamba
Dogo, hata waliokuwepo walikuwa na majibu mawili. Upande wa Hampton ulisema Jumanne alikuwa mzima na Alhamisi alikuwa kashikwa na watu wa Chamberlain. Geuza, utapata jibu la upande wa pili. Mimi kinachonikera ni cha kitaalamu. Jaji ana haki ya kubadili mawazo mpaka dakika uamuzi unapotolewa. Ukishatoka, faili si lake tena. Kama aliona kakosea Jumanne usiku, alipaswa kugonga mlango wa Willard Jumanne usiku.

Karani Mstaafu
Wanangu, mimi nilikuwa masijala ya mahakama moja miaka ya taipureta, jina lake silitaji. Asubuhi moja hakimu alitia sahihi hati ya kumwachia mahabusu, nikagonga muhuri, tarishi akaondoka na baiskeli. Haikupita nusu saa hakimu akatoka chumbani kwake bila koti, ananiuliza "ile karatasi imetoka?" Nilimwona jasho. Nilikimbia mpaka geti la barabarani, namshukuru Mungu tarishi alikuwa mtu wa chai na chapati. Nikamkuta pale kwa mama lishe, hati iko kwenye kikapu cha baiskeli chini ya koti la mvua. Kulikuwa na mahabusu wawili wanaitwa Athumani, na tuliandika namba ya kesi ya yule wa unyang'anyi.

Nasema hivi kwa sababu naijua sura ya mtu aliyetia sahihi halafu moyo ukagoma. Wakili, kugonga mlango usiku si rahisi kama unavyoandika. Huyo Wright alikuwa mmoja, mji umejaa bunduki, na mwenziwe Willard ndiye aliyekuwa akilitaka neno hilo.

Wakili Kayamba
Mzee wangu, shikamoo. Kwa Athumani nakubali. Lakini hati yako ilikuwa na kosa la namba. Ya Wright haikuwa na kosa la namba, alijua anachosaini.

Karani Mstaafu
Marahaba. Alijua. Ndiyo maana akarudi.

Binti Pangani
Mimi nina mtazamo tofauti. Tukisema "alibadilika", tunasahau kwamba alikuwa akiulizwa aseme kwa mkono wake mwenyewe kwamba zama zilizomleta yeye zimekwisha. Hampton akiwa gavana, baraza litakalomchagua jaji ajaye ni la Hampton. Yule alikuwa anajisomea hukumu. Jumanne akaisoma, Alhamisi akashindwa kuimeza.

Msomi wa Jioni
Binti umesema vizuri kuliko mleta uzi. Mimi nilikuwa nahukumu kama wakili hapo juu, miaka mingi nikisema Wright aliyumba. Nilipoanza kuhesabu siku ndipo nikalegea. Hebu tazama: amri ni Februari 27. Rais mpya, Rutherford Hayes, anaapishwa siku chache baadaye. Aprili 10 wanajeshi wa serikali kuu wanaondolewa kwenye jengo la bunge pale Columbia, makao makuu ya jimbo. Aprili 11 Chamberlain anaondoka. Unadhani kama Wright angegoma Jumanne mambo yangekwenda vingine? Mimi sidhani. Lakini yeye Jumanne hakuwa na kalenda ya Aprili.

Yaliyofuata ni haraka. Baraza jipya likamwandama, mashtaka ya ulevi yakaandaliwa ili aondolewe. Alikana. Agosti 1877 akaandika barua ya kujiuzulu, mwaka haujaisha akawa si jaji. Kwa miaka mingi vitabu vya historia vya jimbo vilimwandika kama mlevi aliyeyumba, basi. Zile hukumu karibu 90 hawakuzitazama.

Mzee Kitwana
Ulevi. Nimeishi miaka mingi na nimeona hilo neno likitumika. Jaji akila na wakubwa jioni ni "mchangamfu". Siku wakimchoka, glasi ileile inakuwa ushahidi.

Msafiri wa Carolina
Niongeze ya mwisho wake maana mkuu kapita mbio. Wright hakukimbilia Kaskazini. Alibaki Charleston akifanya uwakili. Sasa kumbuka: 1873 chuo kikuu cha jimbo kule Columbia kilianza kupokea Weusi, wakasoma hadi sheria. 1877 Hampton alipoingia kikafungwa, kikafunguliwa tena 1880 kwa Wazungu pekee. Mlango huo wa kusomea sheria ukawa umefungwa kwa kijana Mweusi. Wright akaanza kufundisha sheria pale Charleston kwa niaba ya Chuo cha Claflin, ambacho chenyewe kiko Orangeburg. Darasa lilikuwa ofisini kwake, Mtaa wa Queen.

Msomi wa Jioni
Na hapo ndipo mduara ulipo, Msafiri, nilitaka kuliacha hili mwisho. Yeye alisomea sheria ofisini kwa watu Montrose kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi. Vijana wake wakasomea ofisini kwake kwa kuwa chuo kikuu cha jimbo kimefungwa kwao. Februari 18, 1885 akafa kwa kifua kikuu, hukohuko Charleston, umri miaka 45 na siku saba. Hakuwahi kuoa. 1895 jimbo likaandika katiba nyingine, ile ya 1868 aliyoshiriki ikazikwa, na Weusi walio wengi wakaondolewa kwenye daftari la wapiga kura.

Wakili Kayamba
Na kiti chake?

Msomi wa Jioni
Mweusi aliyefuata katika Mahakama ya Juu ya South Carolina ni Ernest Finney. Alichaguliwa 1985, na 1994 akawa Jaji Mkuu. Toka Wright ajiuzulu hadi Finney akae, piga hesabu: miaka 108.

Dogo wa Ubungo
108... babu wa babu yangu.

Binti Pangani
Kaka, kuna mtu tumempita. Tumetaja majenerali, magavana, majaji watatu. Tilda Norris tumemtaja kama jina la kesi tu. Mfungwa huyu Jumanne kaambiwa yuko huru, Alhamisi kaambiwa labda siyo, Ijumaa kafunguliwa geti kwa karatasi ambayo mmoja wa walioisaini anasema si yake. Sijui kama hata aliambiwa kwamba yeye ndiye aliyeamua nani gavana.

Karani Mstaafu
Hakuambiwa, mwanangu. Mfungwa huambiwa "kusanya vitu vyako" tu. Yule Athumani wangu mpaka leo hajui kwamba aliachiwa kwa nusu saa.

Dogo wa Ubungo
Msafiri, yule wa meli bado nasubiri.

Msafiri wa Carolina
Jumamosi, Dogo. Nikitoka zamu.